Dondoo muhimu: Gharama za viza ya mume au mke wa raia wa Marekani

Pangeni bajeti kwa viwango hivi. Tangu Aprili 1, 2024, raia hulipa dola 625 akiwasilisha fomu I-130 ya kumwombea mwenzi kwa intaneti, 675 akituma karatasi. Baadaye huja dola 325 za maombi ya viza na 120 za hati ya udhamini. Viza ikishatoka, kuna 235 za kadi ya kijani. Kwa njia ya intaneti, jumla ni dola 1,305, na ombi likikataliwa ada hazirudishwi; basi hakikini majina na tarehe kwenye vyeti kabla ya kulipa. Fomu zenyewe ni bure. Dalali anayewauzia anawaibia.

Vipimo vya afya hulipiwa kando, kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu.

Linalowashtua wengi ni hili: ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku mwenzi anapoingia Marekani, kadi yake huwa ya masharti, ya miaka 2 tu. Kuondoa masharti hayo ni dola 750 nyingine, na ombi hupelekwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Anzeni kuweka akiba hiyo mara tu mnapofika, maana kuchelewa kunaweza kumpotezea mwenzi haki ya ukaazi.