Range Sport au Discovery? Njoo tuongee, mdogo wangu

Wadogo zangu, wiki hii mambo ya wakwe na mawifi tuyaweke pembeni, tuongee magari. Mmoja wenu, mwenye duka la vipodozi Sinza, ameniletea swali ambalo hata kwenye vikao vya harusi siku hizi naulizwa. Amedunduliza hela yake mwenyewe, na sasa kichwa kinamuuma kati ya magari mawili ya mtumba. La kwanza ni Range Rover Sport ya 2011, nyeusi, namba D, iko yadi inang'aa. La pili ni Discovery 4 ya 2012, rangi ya fedha, ya mama mmoja wa Mbezi aliyelileta mwenyewe kutoka Uingereza. Yote ni dizeli ya lita 3.0 na bei zinapishana kidogo tu. Shemeji anataka Sport. Yeye mwenyewe macho yako kwenye Sport, ila ana watoto watatu, na kila Desemba wanapanda Moshi pamoja na bibi yao. Anauliza: "Dada, gari ni lipi hapo?"

Mdogo wangu, hapo unachagua kati ya gari moja na lenyewe. Sport ya kizazi hicho, iliyotoka 2005 hadi 2013, ilijengwa juu ya msingi uleule wa Discovery 3 na 4. Injini hiyo ya dizeli ni moja. Giaboksi zimetoka kwa ZF kote kuwili. Suspensheni za upepo, breki ya mkono ya umeme, ile swichi ya kuzungusha ukikutana na mchanga au matope, vyote vimetoka kapu moja. Yapandishe yote mawili gereji, fundi aliye chini ataona karibu vitu vilevile. Kwa hiyo anayekwambia "Discovery inasumbua, bora Sport", au akaligeuza neno hilo upande wa pili, anakuuzia jina tu.

Tofauti ziko juu. Discovery ni ndefu zaidi kati ya tairi za mbele na za nyuma, kwa sentimita 14 hivi, na paa lake limeinuliwa nyuma ili watu wa siti ya tatu wasikunje shingo. Toleo la siti 7 linabeba watu wazima saba kwelikweli. Sport ya kizazi hicho ni ya watu 5, basi. Imekaa chini kidogo, inatulia zaidi kwenye kona, na nisikudanganye, inapendeza. Tofauti nyingine ni ya mwaka: matoleo ya 2012 ya dizeli hii yaliingia na giaboksi ya gia 8 badala ya 6, na hiyo ni pointi moja kwa gari la mama wa Mbezi.

Sasa tuje kwenye yanayowaliza watu. Injini hiyo ya V6 ni tamu, ina nguvu na haipigi kelele, lakini ina ugonjwa unaojulikana: beringi za krenki zikisagika, krenki yenyewe inaweza kukatika, na hapo injini imekwisha. Wengi wanalaumu oili kukaa muda mrefu. Kwa ratiba ya kiwandani kule Uingereza, gari hilo linaweza kwenda zaidi ya kilomita 25,000 bila kumwaga oili. Kwa foleni zetu za Mwenge na Ubungo, injini ikiunguruma saa nzima huku gari halisogei, mimi nisingezidisha 10,000. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji, kabla hujauliza bei ya mwisho, ni hili: kitabu cha sevisi kiko wapi? Asikwambie kimepotea wakati wa kuhama.

La pili ni mikanda. Injini hii ina mkanda wa taimingi mbele na mwingine mdogo nyuma unaoendesha pampu ya dizeli. Mafundi wetu wengi hubadilisha wa mbele wakausahau wa nyuma, kwa sababu kuufikia ni kazi. Mikanda hii huzeeka kwa miaka pia, hata kama gari halikutembea. Gari la 2011 ambalo halina risiti ya mikanda, lihesabu kuwa halijabadilishiwa, na gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Na ujue kwamba kwa kazi kubwa, kama ya turbo, mafundi wengi huona rahisi kulinyanyua bodi zima kutoka kwenye chasisi. Ndiyo, umenisikia, bodi zima. Ukiona gari la aina hii gereji limetenganishwa vipande viwili kama hotpoti na mfuniko wake, usishtuke, ndiyo kawaida yao. Bili ya ufundi nayo inafuata kawaida hiyo.

Suspensheni za upepo usimsikilize mtu, zipime mwenyewe. Washa gari, lipandishe hadi mwisho, lishushe, lipandishe tena. Likichukua muda mrefu kupanda, kompresa inachoka. Kisha muombe muuzaji aliache usiku kucha, wewe urudi asubuhi kabla hajaliwasha. Kona moja ikiwa imelala, upepo unavuja, na kompresa imekuwa ikifanya kazi ya ziada kuufidia. Dalali atakwambia "hilo ni jambo dogo, linarekebishika". Mwambie basi alirekebishe kabla hujalipa. Breki ya mkono nayo iwashe na kuizima mara kadhaa. Ikipiga kelele ya kukwaruza, ina kazi. Na lazima gari lisomwe kwa kompyuta inayoijua Land Rover vizuri, si ile mashine ndogo ya kila gari. Betri iliyochoka peke yake inaweza kuwasha taa za kila aina kwenye dashibodi, kwa hiyo fundi apime betri kwanza ndipo aanze kukutajia vifaa vya kununua.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la Uingereza, maana wengi hamlijui. Gari lililotoka kule, ukiwa na namba yake ya kule, unaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali yao ukaona bure majibu ya ukaguzi wake wa kila mwaka wa MOT: lilifeli wapi, na lilikuwa limetembea maili ngapi. Namba zikipanda vizuri miaka yote halafu gari lililoko mbele yako likasoma pungufu, umeshapata jibu. Tena angalia, ni maili. Gari linalosoma 90,000 si la kilomita 90,000, ni karibu 145,000. Na kwa kuwa kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, fundi alale chini aangalie kutu kwenye chasisi, hasa nyuma, na kwenye mabomba ya breki. Magari ya aina hii yanayotoka Japani mengi ni ya petroli, na V8 ya lita 5.0, hata kwa vipimo vya kiwandani, inakunywa karibu lita 14 kwa kilomita 100. Kwenye foleni, hesabu wewe.

Kuna atakayesema basi niagize langu nje. Fanya hesabu kwanza. Tanzania Bara, gari la abiria lililozidi miaka 10 na injini ya zaidi ya cc 2000 linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10, nyongeza ya uchakavu 30, kisha VAT 18 juu ya yote. Ukizipanga zinavyopandana, kodi inazidi thamani ya gari lenyewe likifika bandarini. Na TRA wana kikokotoo chao cha thamani, kwa hiyo usitegemee risiti ya bei ya kutupa. Wadogo zangu wa Kenya, kwenu hata hesabu hiyo haipo, magari yaliyozidi miaka 8 hayaingii. Kwa magari ya umri huu, mengi mtayanunua yakiwa tayari yako nchini.

Jambo ambalo yadi haitakwambia: bei ya gari imeshuka, bei ya spea haijashuka. Hili lilikuwa gari la tajiri, na spea zake bado zinadhani unalo daftari la tajiri. Ukitoa hela yako yote kulinunua, ukabaki na ya mafuta tu, hujalimudu. Weka pembeni angalau robo ya bei ya kununulia, isiguswe, iwe ya mwaka wa kwanza. Kama robo hiyo haipo, chukua gari la kawaida zaidi, na hakuna aibu yoyote. Sinza haitakucheka, na ikikucheka haikulipii kompresa.

Nirudi kwako, mdogo wangu. Mna watu sita wa kwenda Moshi na Sport ina siti tano. Hapo mjadala ulikuwa umeisha kabla hujaniandikia. Chukua Discovery, kama ina siti 7, historia yake ya maili imenyooka na asubuhi umeikuta imesimama sawa kona zote nne. Ikifeli mojawapo, iache pia. Usikimbilie Sport kwa hasira, tafuta Discovery nyingine. Shemeji mwambie kwa upole kwamba injini anayoipenda ndiyo hiyohiyo. Na tafadhali, usitoe hata shilingi ya kushikia gari kabla fundi wako mwenyewe hajatoka chini yake.