Biashara kwa Simu na Khiari ya Mnunuzi

Ndugu zetu wenye maduka hutuuliza juu ya watu wanaowapigia simu kuwauzia bidhaa au matangazo. Mpigaji huanza kwa maneno matamu. Kisha husema kuwa bei hii yaisha leo adhuhuri, na jirani yako amekwisha kuchukua, basi wewe sema "ndiyo" tu. Mwenye duka, naye ana wateja wanaomngoja, hukubali ili apumzike. Jioni hutambua kuwa amejifunga kwa kitu asichokihitaji. Je, hukumu yake ni nini?

Kwanza, tusidhani kwamba neno la simu halina uzito. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jedda mwaka 1990, iliamua kwamba mkataba wa simu ni kama mkataba wa watu wawili waliohudhuria pamoja.

Pili, msingi wa biashara ni kuridhiana, kama tufundishwavyo katika Suratun-Nisaa, aya ya 29; na mtu hawezi kuridhia asichokijua. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alikataza kuulaki msafara nje ya mji na kununua mali kabla wenyewe hawajaijua bei ya soko, na akampa mwenye mali khiari, yaani haki ya kuivunja biashara, afikapo sokoni. Mpigaji simu naye humuwahi mtu kabla hajauliza bei kwa mwengine, na haraka yake ni ya kumzuia asiulize. Akizua kwamba wengine wanaigombea, hiyo ni hadaa.

Tatu, dawa yake. Sahaba mmoja aliyekuwa akipunjwa alifundishwa na Mtume (S.A.W.) ashurutishe kwamba pasiwe na hadaa. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, yafaa wauzianao wapatane khiari isiyozidi siku 3. Basi kabla ya kutamka "ndiyo", mwenye duka na aseme: "Niandikie bei na masharti, na niwe na khiari ya siku tatu." Muuzaji mkweli hatadhurika kwa kungoja, akikataa, iachwe biashara yake.

Ama vijana wetu walioajiriwa kupiga simu hizo, wajue kwamba uwongo ni dhambi ya ausemaye, hata akiwa ameandikiwa na tajiri wake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.