Somo la mwezi huu: Mbwa wa depo apewe kazi ya kutafuna



Katika masomo yaliyopita tumeongea juu ya mbuzi, kuku na nguruwe. Safari hii tunaongea juu ya mnyama ambaye hakuna mtu anayemwandika katika daftari, lakini bila yeye magunia ya kahawa na ya maharagi hayalali salama: mbwa anayelinda depo.

Mara nyingi tukifika ku depo tunasikia malalamiko yale yale: «Mbwa yetu iko mukali sana, lakini inakata kamba, inapasua magunia, inakula mayai, na muchana yote inalia.» Wengine wanampiga. Wengine wanafupisha mnyororo. Siku moja mnyororo unakatika na mtoto wa jirani anaumwa. Hapo kikao kinaitwa, mbwa anauawa, na juma linalofuata watu wanatafuta mbwa mwingine na kumfunga pale pale, na mnyororo ule ule.

Mara nyingi mbwa wa namna hiyo hana wazimu. Hana kazi. Usiku analinda, lakini mchana yuko amefungwa masaa kumi bila kitu cha kufanya. Somo hili halisemi muongeze chakula chake. Linasema mubadilishe namna ya kumpa chakula kile kile.

1. Kwa nini mbwa anatafuna?

Angalieni kuku. Hata mukimuwekea mahindi katika sahani, bado anakwenda kuchakura udongo. Mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen wa Marekani alijaribu jambo hilo kwa panya. Aliwawekea chakula cha bure katika sahani, na pembeni akaweka kifimbo ambacho panya akikikandamiza anapata chakula. Panya wengi walikandamiza kifimbo, ingawa sahani ilikuwa imejaa. Mnyama anataka kutafuta chakula, si kukimeza tu.

Mbwa naye ameumbwa kwa kunusa, kulamba, kupasua na kutafuna. Sahani ya bugali anaimaliza kwa dakika mbili. Chakula hicho hicho kikiwekwa ndani ya kitu cha kutafuna, atakaa nacho nusu saa au zaidi, kisha mara nyingi analala. Na mbwa aliyelala vizuri mchana ndiye anayekesha vizuri usiku.

2. Kifaa chenyewe

Kifaa kinachojulikana sana ni mpira mgumu wenye tundu ndani, unaojazwa chakula. Ulianza Marekani, katika jimbo la Colorado, miaka ya 1970. Bwana mmoja, Joe Markham, alikuwa na mbwa aliyetafuna mawe mpaka meno yanaharibika. Alipokuwa anatengeneza gari lake la Volkswagen, mbwa akachukua kipande cha mpira cha gari hilo na kuacha mawe. Markham akafuata wazo hilo akatengeneza mpira unaoitwa KONG. (Jina hilo halina uhusiano na nchi yetu.)

Mukipata nafasi ya kununua mpira wa namna hiyo mjini, angalieni mambo matatu:

– Uwe mkubwa, usiweze kuingia wote ndani ya kinywa cha mbwa.
– Uwe na matundu mawili, moja kila upande. Ukiwa na tundu moja tu, hewa haipiti na ulimi wa mbwa unaweza kunaswa ndani.
– Usiwe mgumu kama jiwe. Kandamizeni kwa ukucha: ukucha ukiacha alama kidogo, ni sawa. Usipoacha alama hata kidogo, unaweza kuvunja meno.

Asiye na franka za kununua mpira asikate tamaa. Njia hizi nne hazina gharama:

a) Jani la ndizi. Fungeni bugali ngumu na samaki ndani ya jani, kama munavyofunga chikwange. Fungeni kwa kamba ya mgomba wenyewe, si waya wala nailoni. Mbwa atalipasua jani pole pole. Akianza kulimeza lote, muondolee.

b) Chupa ya maji ya plastiki. Toeni kifuniko na karatasi, toboeni matundu machache, tieni mahindi yaliyopikwa. Mbwa ataisukuma kwa pua na mahindi yataanguka moja moja. Mtu abaki karibu. Mbwa akianza kuitafuna chupa yenyewe, iondolewe.

c) Jiwe kubwa, safi, katikati ya sahani. Mbwa analazimika kuzunguka jiwe kwa ulimi. Jiwe lizidi ukubwa wa kinywa chake.

d) Majani mafupi. Mwageni chakula kikavu katika nyasi safi, atafute kwa pua.

Na sasa vitu ambavyo havifai hata kidogo:

– Bidoni au chupa iliyowekwa dawa ya mimea. Hata ukiiosha mara kumi, sumu inabaki. Hiyo haitumiki kwa mbwa, wala kwa maji, wala kwa mafuta.
– Kipande cha tairi. Tairi nyingi za gari zina nyuzi za chuma ndani, zinachoma tumbo.
– Gunzi la mahindi, yaani kile kipande cha katikati kinachobaki mukisha kula mbegu. Mbwa analimeza, halisagiki, linaziba utumbo. Bila operesheni mbwa anaweza kufa.
– Kokwa ya embe na ya avoka, kwa sababu hiyo hiyo.
– Mfupa uliopikwa. Unapasuka kama kioo na kutoboa utumbo.

3. Chakula cha kujaza

Kanuni ya kwanza: kinachoingia ndani ya mpira kinatolewa katika sahani. Mkijaza mpira na bado mukampa sahani nzima, mbwa atanona na familia itapoteza chakula.

Mbwa mkubwa wa kilo 15 anahitaji karibu kalori 800 mpaka 1000 kwa siku. Mfano wa chakula cha siku moja:

– unga wa mahindi gramu 150, upikwe bugali ngumu;
– maharagi yaliyopikwa vizuri, gramu 100;
– ndagala au sambaza wakavu gramu 30, walowekwe kwanza ili chumvi itoke;
– kijiko kimoja cha mafuta ya mawese.

Nusu itiwe katika mpira asubuhi, nusu ipewe jioni katika sahani. Mbwa akikonda, ongezeni. Akinona mpaka mbavu hazisikiki kwa mkono, punguzeni.

Muhogo unafaa ikiwa umelowekwa, umekauka na kupikwa kama munavyofanya kwa chakula cha nyumbani. Muhogo mchungu mbichi na maganda yake yana sumu kwa mbwa kama kwa mtu.

Musitie vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, chumvi, shokola wala zabibu. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa hata vikiisha pikwa. Kwa hiyo mchuzi uliobaki nyumbani si kwa mbwa.

4. Karanga za ukungu: hapa tusimame kidogo

Karanga iliyosagwa inashika vizuri ndani ya mpira, na mbwa wanaipenda sana. Lakini watu wengi wanafikiri hivi: karanga nzuri ni za soko, zenye ukungu ni za mbwa. Hilo ni kosa kubwa.

Ukungu wa karanga na wa mahindi unaweza kuleta sumu inayoitwa aflatoksini. Haionekani kwa macho, na kupika hakuimalizi. Inaua ini. Mwaka 2004, katika sehemu ya mashariki ya Kenya, watu 317 walipata ugonjwa kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mbwa ni mmoja wa wanyama ambao sumu hii inawapata upesi sana.

Kwa hiyo karanga au mahindi yenye ukungu hayaendi kwa mtu, wala kwa mbwa, wala kwa kuku. Yanatupwa. Mbwa anayeacha kula, anayetapika, na macho au ufizi wake unageuka manjano, apelekwe kwa veterineri siku ile ile.

5. Nyama za ndani

Mukichinja mbuzi au ng'ombe, musimtupie mbwa mapafu na maini mabichi. Ndani yake munaweza kukuta vifuko vyenye maji. Hivyo ni minyoo. Mbwa akivila, minyoo inakua ndani ya utumbo wake, mayai yanatoka katika mavi, na mtoto anayechezea udongo anaweza kuyameza. Kwa mtu vifuko hivyo vinakua miaka mingi katika ini au mapafu.

Kateni nyama hizo vipande vidogo, chemsheni zaidi ya dakika 30, kisha zinafaa sana kujaza mpira. Zenye vifuko zichomwe moto au zizikwe chini sana, mbwa asizifukue.

6. Namna ya kujaza, juma kwa juma

Mbwa anayeona mpira mara ya kwanza hajui ni nini. Ukimpa uliojazwa sana ataunusa na kuuacha.

Juma la kwanza: jazeni nusu tu, bila kushindilia. Kipande cha samaki kitokeze nje. Akisukuma kidogo, chakula kianguke. Lazima ashinde upesi.

Juma la pili: wekeni samaki chini kabisa, bugali laini katikati, kisha bugali ngumu juu kama kifuniko. Shindilieni kidogo kwa kidole.

Juma la tatu: shindilieni vizuri, kisha acheni bugali igandame kabla ya kumpa. Mwenye frigo anaweza kuugandisha mpira kuwa barafu. Utachukua muda mrefu zaidi.

Mbwa akikata tamaa na kuuacha, rudini juma moja nyuma.

Chakula kilichopikwa kisibaki nje zaidi ya masaa mawili kwenye joto. Kikibaki, kitupwe. Mpira uoshwe kila siku kwa maji ya moto, sabuni na kijiti chenye kitambaa, la sivyo sisimizi na nzi watakuwa wenyeji wake. Ukiona kipande kimekatika, mpira umekwisha.

7. Saa ya kumpa

Saa nzuri ni asubuhi, mlinzi anapomfunga mbwa baada ya kazi ya usiku. Saa nyingine ni wakati wanachama wanaleta mazao na depo imejaa watu asiowajua. Mbwa awekwe pembeni, kivulini, na maji karibu, apewe mpira kabla ya fujo kuanza. Mukingoja abweke ndipo mumpe, mumemfundisha kwamba kubweka kunaleta chakula.

Usiku wa ulinzi asipewe. Mbwa mwenye chakula mdomoni halindi. Lakini asilinde na njaa pia: mbwa mwenye njaa anaokota kila nyama inayotupwa juu ya ukuta, na wezi wanalijua jambo hilo.

Mpira hauchukui nafasi ya matembezi. Mbwa afunguliwe na kutembezwa kila siku, hata nusu saa.

8. Usalama wa watu

Mbwa aliye na chakula anakilinda, hata awe mpole namna gani. Kwa hiyo:

– Watoto wasimkaribie anapotafuna.
– Mbwa wawili wapewe mbali mbali.
– Musimnyang'anye mpira. Mutupieni kipande cha samaki mbali kidogo. Akienda kukichukua, uchukueni mpira.

Na mbwa wa koperative achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani wameumwa na mbwa. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile, asingoje dalili. Dalili zikiisha anza, karibu hakuna anayepona.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mbwa wa depo yetu anakula mara ngapi kwa siku, na nani anatoa chakula hicho? Kama hakuna anayejua, mchagueni mtu mmoja leo.
2. Mnyororo wake una urefu gani? Anafika kivulini na kwenye maji?
3. Karanga zenye ukungu katika depo yetu zinakwenda wapi?
4. Mara ya mwisho kuchanjwa ni lini? Kadi iko kwa nani?

Zoezi: jaribuni jani la ndizi kwa siku saba mfululizo, asubuhi. Mlinzi aandike kila siku mbwa ametafuna dakika ngapi, na kama alibweka kabla ya saa sita. Leteni daftari hilo katika kikao kinachokuja. Kabla ya kukubaliana kumuua mbwa, kwanza tusome yaliyoandikwa pale.