Muuguzi wa Zahanati na Homa ya Ini Wakati wa Mlipuko

Mama mjamzito wa Issenye, wilayani Serengeti, akipimwa na kukutwa na virusi vya homa ya ini B, mara nyingi hana dalili yoyote. Macho hayajawa manjano, chakula anakula, shambani anakwenda. Anayemsomea majibu ni muuguzi wa zahanati. Madaktari bingwa wako hospitali ya Bugando, Mwanza, na safari ya kuwafikia huanza kwa kutafuta nauli ya kufika mji wa Mugumu. Anachokijua muuguzi siku ile ndicho atakachoondoka nacho mama.

Machi 2020 UVIKO-19 iliingia Tanzania. Duniani kote wagonjwa wa muda mrefu waliogopa kwenda kliniki, na semina za ukumbini zikaahirishwa. Virusi vya ini havikupumzika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 homa ya ini B na C ziliua watu milioni 1.3.

Kufundishwa bila kuacha kituo

Mwaka 2003 Dk. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alikuwa na foleni ya miezi mingi ya wagonjwa wa homa ya ini C. Alianza kukutana kwa video na wahudumu wa vituo vya pembezoni. Kila mmoja akaeleza mgonjwa wake, wote wakajifunza. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa waliotibiwa vijijini walipona sawa na waliotibiwa hospitali ya chuo. Kwa Serengeti na Tarime tunaiona njia hii kuwa bora kuliko semina ya siku tatu mjini, maana zahanati yenye wauguzi wawili ikimtoa mmoja, foleni yote inabaki kwa mwenzake. Simu janja na bando vinatosha kuanza. Jina la mgonjwa lisitajwe.

Ya kushika

Mtoto akiambukizwa virusi vya homa ya ini B wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na virusi hivyo kwa muda mrefu ni takriban 9 kati ya 10. Kwa mtu mzima ni chini ya 1 kati ya 20. Ndiyo maana chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 isirukwe hata kama kuna mlipuko, na mama mwenye virusi apewe rufaa kabla ya kujifungua, kwa kuwa dawa ya tenofoviri inaweza kumkinga mtoto.

Anayetumia tenofoviri asiiache ghafla. Ini linaweza kuvimba vibaya. Safari zikiwa ngumu, apewe dawa za miezi mitatu kama akiba ya kituo inaruhusu, na muuguzi ampigie simu kati ya tarehe za kliniki. Amuulize pia anameza nini nyumbani. Parasetamoli ikizidi kipimo huumiza ini, na wakati wa UVIKO wengi walijinunulia dawa dukani na kunywa michanganyiko ya mitishamba. Dawa za jamii ya deksamethasoni, hasa zikitumika muda mrefu, zinaweza kuamsha virusi vilivyolala.

Virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, juu ya wembe, kisu au meza. Msimu wa tohara ukifika, wazee wetu tunawaomba: vijana wapelekwe kituoni, na kisu kilichomgusa mmoja kisimguse mwingine. Ukeketaji hauna kisu salama. Kwa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1998.

Muuguzi mwenyewe

Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Wauguzi wengi walio kazini walizaliwa kabla ya hapo, nao ndio hushika sindano usiku, wamechoka, wodi imejaa. Wapimwe, wapewe dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko. Iende moja kwa moja kwenye kisanduku cha usalama. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, na mwambie msimamizi saa hiyohiyo.