Kabla ya Kununua Pedali za Usukani, Tazama Sakafu Yako

Wanaoniuliza wanunue pedali gani kwa ajili ya simuleta ya ndege huja na orodha ya majina. Mimi huanza na mambo mengine: chumba kina vigae? Kiti kina magurudumu? Pedali unazisukuma kwa mguu, na mguu una nguvu. Kwenye vigae, ukikanyaga breki kiti kinarudi nyuma, pedali nazo zinatambaa hadi ukutani, na ndege inaendelea na safari zake. Dawa yangu ni ubao mmoja wa plaiwudi: pedali zimefungwa kwa skrubu upande wa mbele, kiti kisicho na magurudumu kimebanwa upande wa nyuma. Miguu ikisukuma, hakuna pa kukimbilia. Zulia zito nalo husaidia kiasi. Mkeka wa plastiki, sahau.

Ukishamaliza sakafu, jiulize unarusha nini. Mimi napenda Cessna Caravan, ndege inayojulikana sana kwetu kwa safari za visiwani na mbugani. Rafadha yake huzunguka kuelekea kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani, kwa hiyo ukiongeza nguvu wakati wa kuruka, pua inavutwa kushoto, na mguu wa kulia ndio wa kuinyoosha. Sasa nenda ukatue Zanzibar. Njia ya kurukia pale ni 18/36, yaani kaskazini–kusini, na kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki inakupiga ubavuni. Hapo mguu unafanya kazi ndogondogo mfululizo, kidogo kulia, kidogo kushoto, na ndipo ubora wa pedali unapoonekana.

Pedali nyingi za bei nafuu zina springi inayong'ang'ania katikati. Unasukuma, hazitoki, unaongeza nguvu, zinachomoka ghafla na pua inaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Ukipata nafasi ya kuzijaribu kabla ya kulipa, fumba macho, ziondoe katikati polepole, kisha zirudishe. Ukihisi kigingi, ziache. Kwangu kipimo hiki kina uzito kuliko chuma kinachong'aa na maneno ya kwenye boksi.

Nafasi kati ya miguu nayo si ya kupuuza. Thrustmaster TFRP na CH Pro Pedals huweka miguu karibukaribu, na mtu mwenye mapaja marefu atachoka mapema. Logitech ni pana zaidi. Ukiwa na fedha, MFG Crosswind kutoka Kroatia hukuruhusu kurekebisha mambo mengi.

Ndani ya pedali kuna sensa. Potenshiometa hufanya kazi kwa kugusana, hivyo vumbi na kuchakaa huifanya itoe namba zinazorukaruka, na vumbi letu halina huruma. Sensa ya sumaku haigusani na kitu. Kama bei inakaribiana, sifikirii mara mbili, nachukua ya sumaku.

Breki za vidole vya miguu hutegemea ndege. Caravan inazihitaji, kwa sababu ukikanyaga upande mmoja inakata kona fupi ardhini. Lakini anayeishi na Spitfire hazihitaji, maana breki yake hubanwa kwa mkono kwenye fimbo ya kuongozea na pedali huamua gurudumu lipi lishikwe. Huyo VKB T-Rudder, isiyo na breki za vidole, itamtosha kabisa. Wa helikopta tafuteni pedali zinazokubali kutolewa springi na kufungwa shokomzoba, kwa kuwa pedali za helikopta hukaa pale ulipoziacha. Na kwenye Bell 407 ukipandisha nguvu unakanyaga kushoto, kwenye Cabri G2 kulia, kwa sababu mapanga yake huzunguka kinyume.

Ukishaziunganisha, ingia kwenye mipangilio kabla ya kuruka. Zima msaada wa usukani wa programu, la sivyo utakuwa unashindana nao. Kama jostiki yako huzungushwa kuongoza mkia, ifutie kazi hiyo, maana vifaa viwili vikitoa amri moja ndege hutikisika bila sababu. Eneo la katikati lisilosikia liwe dogo sana, na mkunjo wa mwitikio uwe laini mwanzoni. Kisha piga breki zote mbili na uangalie kwenye skrini: kwenye baadhi ya programu huja kinyume, na ndege inabaki imefungwa breki mpaka ugeuze mhimili.