SOMO LA AFYA: Kwa nini binti achanjwe angali mdogo

Ndugu msomaji, huenda siku moja mtoto wako atarudi kutoka shuleni na barua. Barua inasema kuwa wasichana watachanjwa chanjo ya HPV. Wewe umemaliza kisomo, kwa hiyo utaisoma mwenyewe. Lakini je, utaielewa?

Tuchukue mfano wa baba mmoja. Binti yake ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Baba aliposoma barua aliudhika. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda nayo moja kwa moja zahanati.

"Shikamoo, mama," alimwamkia nesi.

"Marahaba, baba. Karibu ukae. Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hakuna mgonjwa. Nimekuja na barua hii. Imeandikwa kuwa vijidudu hivi huambukizwa kwa kujamiiana. Sasa mtoto wangu wa miaka kumi anahusika vipi? Mnamwona mhuni?"

Nesi hakukasirika. Alimwuliza, "Baba, wewe unalima mahindi. Dawa ya dumuzi unaitia lini?"

"Ninapoyaweka ghalani. Kabla hawajaingia."

"Na ukingoja mpaka uone unga unamwagika chini ya gunia?"

"Hapo nimeshachelewa. Dawa haiwezi kujaza punje iliyokwisha toboka."

"Basi na chanjo hii ni hivyo hivyo. Hatumchanji kwa sababu ya jambo alilofanya. Tunamchanja kwa sababu vijidudu bado havijaingia."

Huo ndio ukweli wa jambo lenyewe. Chanjo hii haitibu. Inazuia tu. Msichana akiipata kabla hajakutana na vijidudu, inafanya kazi vizuri sana. Mtu akiisha kuambukizwa, chanjo haiwezi kuviondoa.

Vijidudu hivyo ni virusi, navyo huitwa HPV. Viko vya aina nyingi. Aina mbili tu, namba 16 na namba 18, ndizo zinazoleta karibu saratani 7 katika kila 10 za mlango wa kizazi. Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale mtoto anapopita akizaliwa. Mwanamume pia huvibeba na kuviambukiza, na mara nyingi hajui kama anavyo.

Watu wengi huambukizwa, na kwa wengi mwili wenyewe huvishinda katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Lakini kwa wanawake wengine vinabaki. Vinakaa kimya miaka 15, hata 20, vikiharibu polepole. Hakuna maumivu. Mama analima, anachota maji, anazaa. Siku anapoona damu baada ya kukutana na mumewe, au damu inarudi wakati amekwisha koma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya, mara nyingi ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Katika Tanzania wanawake kama 10,000 hupatikana na saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa. Wengi wao ni akina mama wenye watoto wanaowategemea.

Baba yule alikuwa na swali la pili. Alilisema kwa sauti ya chini. "Mama, huko kijijini wanasema eti sindano hii inafunga kizazi."

Swali hili tusilicheke. Mzazi anayeuliza hivyo anamlinda mtoto wake. Tujibu kwa mambo yaliyotokea. Australia walianza kuchanja wasichana mwaka 2007. Rwanda, jirani zetu, walianza 2011. Kwetu mkoa wa Kilimanjaro ulianza kwa majaribio mwaka 2014, na nchi nzima ikafuata Aprili 2018. Wasichana wa kwanza wa Australia na Rwanda sasa ni wanawake wazima, na wengi wamezaa. Chanjo haigusi mfuko wa uzazi. Wala ndani yake hamna kirusi kizima. Imetengenezwa kwa kitu kinachofanana na ganda la kirusi tu, kama ganda la karanga lisilo na karanga ndani. Mwili unalijifunza ganda hilo, na siku kirusi chenyewe kikija unakitambua na kupigana nacho.

Na faida je? Uingereza walianza mwaka 2008. Wale waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walipokua, saratani hii ilipungua kwao kwa 87 katika kila 100.

Zamani kidogo chanjo ilitolewa mara mbili au tatu. Sasa inatosha mara moja, na hapa Tanzania ina mchango wake. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa Mwanza, wenye miaka 9 hadi 14, walishiriki katika utafiti kwa ruhusa ya wazazi wao. Wengine walipata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili damu yao ilipimwa, na karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado wana kinga. Kenya nako wanawake vijana 2,275 walishiriki katika utafiti mwingine, na dozi moja ikawakinga vizuri. Aprili 2024 Serikali yetu ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ni bure. Asiyesoma shule naye apelekwe zahanati. Msichana anayeishi na virusi vya Ukimwi huhitaji zaidi ya dozi moja; mzazi azungumze na mganga.

Baada ya sindano mkono unaweza kuuma na kuvimba kidogo, au homa ndogo ikaja. Wengine huona kizunguzungu kwa hofu ya sindano. Akae kama robo saa kabla hajaondoka, na awe amekula.

Sasa mama mwenyewe je? Yeye aende kupimwa. Kipimo kimoja ni rahisi: mhudumu anapaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi. Palipoanza kuharibika panageuka peupe, na panaweza kutibiwa kabla ya kuwa saratani. Aliyechanjwa naye, akifika miaka 30, apimwe, kwa sababu chanjo haizuii aina zote.

Baba yule alirudi nyumbani. Jumatatu barua ilirudi shuleni ikiwa na sahihi yake, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Jumanne mkewe alikwenda kupimwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini nesi alizungumza habari za dumuzi?
2. Katika kijiji chenu watu wanasema nini juu ya chanjo hii? Mtawajibuje?
3. Nyumbani kwako wako wasichana wangapi wa miaka 9 hadi 14? Andika majina yao. Nani amechanjwa, nani bado?
4. Zahanati au kituo chenu hupima akina mama siku gani? Mmoja wenu aende akaulize, alete jibu kikao kijacho.