Kujifunza Kupiga Picha Ukiwa na Wajukuu

Nina wajukuu, na bado nahudhuria darasa la jioni la upigaji picha hapa Unguja mjini. Wengi huniuliza hamu nimeitoa wapi. Jibu langu ni kwamba sikuanza na hamu, nilianza na zoezi. Hamu ilikuja nyuma ya zoezi, ndiyo maana namshauri mtu mzima mwenzangu asikae kusubiri moyo umwambie aende. Ajiandikishe kwanza.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hadi leo ukiitaja elimu hiyo watu hufikiria ubao na herufi. Mimi nazungumzia aliyekwisha kusoma, akafanya kazi, akalea, kisha akakaa tena mbele ya mwalimu aliye rika la mwanawe. Unapotafuta darasa, uliza jambo moja: je, mwalimu huwa anazitazama picha za wanafunzi mbele ya wote na kuzisema? Kama kazi yake ni kueleza vitufe tu, vitufe utaelezwa na kijana yeyote wa mtaani.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa kupiga kitu kimoja, mahali pamoja, saa mbalimbali. Nilichagua mlango wa nakshi wa jirani. Asubuhi jua linapoupiga kwa ubavu, kila ua na kila mnyororo uliochongwa husimama. Adhuhuri nakshi zote hulala, mlango ukawa bapa. Nimepita mbele ya mlango ule tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo.

Sisi wa pwani tunaingia darasani na kitu mkononi. Chuoni tulifundishwa kwamba Alasiri huingia kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli kidogo cha adhuhuri. Kipimo hicho ndicho ninachotumia kwa kamera. Kivuli chako kikikuzidi urefu, jua limeshuka kiasi cha kupenya chini ya paji la uso na kuyafikia macho, basi piga nyuso. Kabla ya hapo macho ya mtu huwa mashimo meusi, hasa mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua linapotupitia utosini kabisa. Ikikulazimu kupiga mchana, mwingize mtu wako kwenye baraza yenye kivuli, akae akielekea nje. Jua likishatua usizubae, huku kwetu giza halichelewi.

Somo lililonigusa kuliko yote ni la ngozi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina ukijivu wa wastani. Msimamishe mtu wa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa siku ya Idi: kamera itaona mwanga umezidi, itaupunguza, na uso wake mweusi utazama gizani. Kwa simu, gusa uso wake kwenye kioo, kisha sukuma ile alama ya jua kwenda juu. Kwa kamera, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uanze na +1, maana yake mwanga maradufu. Buibui likijaza picha, mambo hugeuka: kamera itaongeza mwanga na weusi utakuwa kijivu, basi punguza kidogo, lakini uso ndio utazame kwanza.

Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Nilipolijua hilo nilifungua albamu za nyumbani na kuzitazama upya sura za mama zangu zilizofifia kwenye picha za harusi. Niliumia, na nikapata sababu ya kujifunza ambayo hakuna mwalimu angeweza kunipa. Sasa kila uso wa mtu wetu ninaoupiga, nataka utoke kama ulivyo.

Zitafute pia picha za zamani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa mjini mwaka 1930. Chukua picha ya studio ya wakati ule, tazama kivuli cha pua kimeangukia wapi, utajua taa ilikuwa upande gani na juu kiasi gani. Zoezi hilo halina gharama.

Baadaye tuliambiwa tuache kuvuta picha karibu kwa vidole, tusogee kwa miguu. Ukisogea kwa miguu utakutana na mtu, na hapo ndipo mafunzo yalipoacha kuwa ya kamera tu. Nilikwenda Nungwi, ambako mafundi huunda majahazi ufukweni. Nikasalimu, nikakaa, kamera ikabaki mkobani.

“Bibi, umekuja kutupiga picha?” aliuliza fundi mmoja.

“Nimekuja kujifunza, fundi. Ukiniruhusu nitapiga, usiponiruhusu nitatazama.”

“Basi tazama kwanza.”

Nikatazama anavyokalafati: anasokota pamba iliyopakwa mafuta, anaipachika kati ya mbao, anaishindilia kwa patasi butu na nyundo. Pamba ikilowa huvimba, na uwazi unazibika. Aliponiruhusu, nilijua nisubiri nini: ile nyundo iliyoinuka, na pamba ikiwa nusu ndani, nusu nje. Asiyeielewa kazi hupiga mgongo wa mtu. Kwa hiyo kabla ya kupiga picha ya kazi yoyote, ulizia hatua zake, na umwachie mwenyewe akuambie ipi ni ngumu zaidi. Watu hufurahi mno kuulizwa hivyo, na wewe unarudi nyumbani na elimu mbili.

Kisha safisha picha, umpelekee mwenyewe. Kwenye simu picha hupita tu, lakini ikiwa mkononi mtu huisema. Fundi alipoishika yake aliigeuza kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye mshono wa mbao. “Hapa uliwahi mno. Pamba ilikuwa haijakaa.” Akaniambia nirudi bamvua lijalo, wanashusha chombo.

Nitakwenda. Kwa watu wanaovuta kamba nataka kasi ya shata ya 1/500, na jua likifichwa na wingu nitapandisha ISO hadi 800. Kila jioni nafanya mazoezi kwa watoto wa mtaani wanaocheza mpira.